Ukungu ndani ya taa ya gari: pumzi ya kawaida, au maji yamepata njia?

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Sahare hapa Tanga, hatua chache kutoka baharini. Nina gari dogo la mtumba kutoka Japani, nalilaza nje kwa sababu nyumba niliyopanga haina banda. Tangu masika yaanze, taa zote mbili za mbele zinaingia ukungu kwa ndani. Ya kushoto ukungu ni mwembamba, na ikifika saa tatu asubuhi haupo tena. Ya kulia ni balaa: matone makubwa yanachuruzika kwenye kioo, na chini kuna maji yametuama, kwa makadirio kijiko cha chai. Usiku naona upande wa kulia wa barabara umefifia. Mwaka jana niliwekewa balbu za LED kwa sababu za zamani zilikuwa na mwanga hafifu. Nimepeleka kwa watu watatu nikapata majibu matatu: mmoja anataka kutoboa tundu chini ya taa maji yatoke, wa pili anasema tuizibe kote kwa silikoni, wa tatu kaniambia niweke mchele mkavu ndani. Muuza spea naye anataka ninunue taa mpya. Kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kumwona mama, na mara nyingi nafika usiku. Nifanye nini, na je, ni salama kuendelea kuendesha hivi?"

Salama, mwalimu, na pole kwa kuzungushwa. Umefanya jambo la maana kuzitofautisha taa zako mbili, kwa sababu jibu liko hapo hapo. Taa ya kushoto ni nzima. Inafanya kile ambacho taa yoyote itafanya ikilala nje Sahare wakati wa masika. Ya kulia imepata njia ya kuingiza maji, na dawa yake ni kuitafuta njia hiyo na kuifunga. Usikubali itobolewe, usikubali izibwe kote, mchele usiingie, na pesa ya taa mpya iache kwanza mfukoni. Mchana mjini endesha bila wasiwasi. Safari ya Lushoto ya usiku nakuomba uiahirishe mpaka taa ya kulia ikauke, na sababu nitaieleza.

Watu wengi, mafundi wakiwamo, huamini kwamba taa ya gari ni chombo kilichozibwa kisipitishe hewa, kwa hiyo ukungu ukionekana wanasema taa imefumuka. Zamani ilikuwa kweli. Zile taa za duara za magari mengi ya zamani zilikuwa kipande kimoja: kioo, reflekta (kile king'aacho kinachorudisha mwanga mbele) na waya wa kuwaka vyote vimefungwa pamoja, na ikiungua unatupa yote. Taa ya gari lako haikujengwa hivyo. "Kioo" chake cha mbele ni plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Nyuma kuna kasha la plastiki nyeusi, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa gundi iliyolala ndani ya mfereji unaozunguka ukingo wote. Balbu inaingia kwa nyuma, halafu inafunikwa na kofia ya mpira. Na kwa makusudi kabisa, kiwandani waliacha matundu ya kupumulia, aghalabu mawili au zaidi, mengine juu na mengine chini, upande wa nyuma. Ukipeleka mkono nyuma ya taa utagusa kijibomba cha mpira kilichopinda kutazama chini, au kifuniko kidogo chenye utando mweupe unaopitisha hewa na kuzuia matone.

Waliyaacha kwa sababu ya joto. Balbu ya kawaida ya halojeni ina wati 55 au 60, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto, si mwanga. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 70, inatanuka kwa takriban asilimia 13. Kama isingekuwa na pa kutokea, msukumo huo ungeishia kwenye gundi ya ukingo, kila ukiwasha, mpaka iachie. Ukizima, hewa inasinyaa na taa inavuta hewa ya nje kufidia. Hewa yetu ya Tanga unaijua: nguo uliyoanua jioni ikiwa kavu, asubuhi unaivaa ina ubichi. Usiku kioo cha taa kinapoa kabla ya kasha, kwa kuwa chenyewe kimekaa nje kinapigwa na upepo na mvua, ilhali kasha limejificha ndani ya boneti penye joto la injini. Mvuke unaachia maji pale penye baridi zaidi, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani bila maji yoyote kupenya kwenye glasi.

Sasa naomba tufanye hesabu ndogo, mwalimu, kwa sababu inamaliza ubishi mwingi wa gereji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 haiwezi kubeba mvuke wa maji zaidi ya gramu 30 hivi. Siku yenye unyevu wa asilimia 80, inabeba kama gramu 24. Tuseme taa yako ina nafasi ya lita 8. Humo ndani basi mna maji kiasi cha gramu 0.2, yaani matone manne. Kijiko cha chai ni gramu 5. Ili pumzi peke yake ijaze kijiko hicho, taa ingetakiwa kuvuta hewa mpya yote zaidi ya mara 25, iache maji yote ndani kila mara, na isirudishe nje hata tone. Haiwezekani, hasa ukikumbuka kwamba kila kuwasha na kuzima hubadilisha kama sehemu moja ya nane tu ya hewa iliyomo.

Kwa hiyo ukungu mwembamba ulioenea, unaokuja usiku na kuondoka jua likitoka au taa ikipata moto, huo ni mvuke wa hewani. Usiuhangaikie. Lakini matone yanayochuruzika, maji yaliyotuama, taa moja kuloa na mwenzake kuwa afadhali, hayo hayakuja kama mvuke. Yaliingia yakiwa maji, ya mvua au ya kuoshea gari.

Na yanaingia kwa nguvu kuliko watu wanavyodhani. Umetoka Muheza usiku, taa zimewaka saa nzima, halafu mvua kubwa inakupiga ghafla Pongwe. Taa inapoa kwa haraka, na ile asilimia 13 ya lita 8, yaani lita moja ya hewa, inadaiwa hapo hapo. Matundu ya kupumulia yakiwa wazi, hewa inapita huko kwa utulivu. Yakiwa yamezibwa na udongo mwekundu, au nyigu amejenga humo, taa itavuta kupitia upenyo wowote itakaoupata, hata ufa ambao jicho halioni. Upenyo huo ukiwa umefunikwa na maji ya mvua, kinachovutwa ni maji. Hali ni ile ile vijana wa kuosha magari wanapokupokea umetoka tu barabarani na kuielekeza presha moja kwa moja kwenye ukingo wa taa.

Ndiyo maana ushauri wa kuziba kote kwa silikoni unanisumbua kuliko mingine. Fundi anayeziba kila anachokiona mara nyingi huziba na vijibomba vya hewa, akidhani ni matundu ya kuvuja. Taa ikikosa pumzi, mvuto wote unahamia kwenye gundi na mipira, na baada ya miezi michache unakuwa na maji mengi kuliko mwanzo, yasiyo na pa kutokea. Kisha kuna aina ya silikoni. Ile ya bei nafuu inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo inakula reflekta na vichwa vya waya. Ukifungua taa iliyopakwa silikoni ya namna hiyo utaona reflekta imepata madoa ya kijivu kuzunguka pale ilipopakwa.

Kutoboa tundu chini kuna mantiki yake, nakubali: maji yatatoka. Lakini ukingo wa chini wa taa ndio unaorushiwa matope na tairi, na wewe unakaa kando ya bahari. Kitakachoingia kupitia tundu hilo ni vumbi, wadudu na chumvi, na reflekta haina dawa ikishachafuka. Kile king'aacho ndani ya taa ni utando mwembamba mno wa aluminiamu uliopulizwa juu ya plastiki. Huwezi kuufuta kwa kitambaa bila kuukwaruza, wala kuung'arisha upya gereji.

Mchele nao hufyonza unyevu kidogo sana, huacha unga, na kwenye joto la pwani hupata kuvu. Vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ni bora zaidi, ila kwa kukaushia tu: viweke taa ikiwa imezimwa, usiku kucha, uvitoe asubuhi. Ukiviacha mle, taa ikipata moto vitaanza kuurudisha ule unyevu vilioufyonza.

Nirudi kwenye balbu zako za LED, maana hapo ndipo ninapoelekeza kidole kwanza. LED ina tabia mbili zinazogusa tatizo hili. Ya kwanza, mwanga wake haubebi joto mbele. Joto lake linakaa nyuma kwenye shina, ndiyo sababu nyingi zina feni. Kioo ambacho zamani balbu ya halojeni ilikikausha kwa muda mfupi, sasa kinabaki na baridi na ukungu unakawia. Hiyo peke yake inaweza kueleza ukungu wa taa ya kushoto. Ya pili ni kubwa zaidi: balbu hizi za kubadilishia mara nyingi ni ndefu nyuma kuliko halojeni, kofia ya mpira haifungi tena, na fundi mwenye haraka anaikata katikati ili feni ipite, au anaiacha pembeni kabisa. Kwenye magari madogo kuna upande ambao betri au chupa ya maji ya waipa imebanana na taa, mkono hauingii vizuri, na kofia inarudishwa kwa kupapasa. Inakaa, lakini mdomo mmoja wa mpira umejikunja kwa ndani. Kwa macho ya juu inaonekana imefungwa. Maji yanayoteremka kutoka kwenye boneti yanaupata ule mkunjo.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote, zima gari, subiri injini ipoe, fungua boneti na utumie tochi ya simu kuangalia nyuma ya taa ya kulia. Pitisha kidole kuzunguka kofia yote. Mpira unatakiwa uwe laini, mzima, na mdomo wake ulale sawasawa duara zima. Ukiukuta umekatwa, umepasuka, umekauka hadi unatoa nyufa ukiukunja, au haupo, una uwezekano mkubwa wa kuwa umeshaupata ugonjwa, na kofia ya mpira ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa kupata kwenye maduka ya spea. Linganisha na upande wa kushoto. Hapo hapo tafuta vijibomba vya hewa: kushoto viko vingapi, kulia viko vingapi? Magari ya mtumba mengi yameshafunguliwa bampa kabla ya kufika kwetu, na kijibomba kimoja kikidondoka njiani hakuna anayekitafuta, linabaki tundu tupu.

Kama kofia na vijibomba viko sawa, tunahamia kwenye ukingo na masikio ya taa. Masikio ni yale mashikio ya plastiki yanayofungwa bolti. Gari likigongwa kidogo upande huo, sikio hukatika likiondoka na kipande cha kasha, na ufa unabaki umefichwa na bampa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: taa ishushwe, itolewe maji, vijibomba vyote vizibwe kwa utepe isipokuwa kimoja, ukingo wote upakwe maji ya sabuni kwa brashi, kisha fundi apulize taratibu kwa mdomo kupitia kile kijibomba kilichobaki. Pale penye upenyo povu litatoka, dogo dogo, likiongezeka kila akipuliza. Apulize kwa mdomo, si kwa kampresa. Kampresa ina nguvu ya kufumua gundi nzima ndani ya sekunde, na hapo ndipo ambapo taa ya kuponeka inageuka kuwa taa ya kununua.

Povu likionekana sehemu fupi ya ukingo, si lazima taa ifunguliwe. Sehemu hiyo isafishwe kwa spiriti, ikauke, ipakwe gundi ya butili (gundi nyeusi ya mpira inayolainika kwa joto) au silikoni isiyo na asidi, hapo tu. Ufa wa sikio unazibwa kwa gundi ya plastiki kutoka nje. Kama ukingo mrefu umeachia, wapo mafundi wanaopasha taa moto hadi gundi ilainike, wakaitenganisha na kuipaka upya. Taa halisi za Japani nyingi zina butili inayokubali joto. Baadhi ya taa za kuiga, na baadhi ya magari mapya, zimeunganishwa kwa gundi ngumu isiyolainika, na ukilazimisha kioo kinapasuka. Muulize fundi kabla hajawasha moto: atajuaje ni gundi gani? Asipokuwa na jibu, chukua taa yako.

Kuhusu kukausha, ambalo unaweza kuanza leo: toa kofia na balbu, inamisha taa maji yatoke kupitia tundu la balbu, kisha iache wazi kivulini penye upepo wakati wa mchana mkavu. Kama hukuishusha taa, egesha gari mchana pua ikielekea jua huku kofia ikiwa imetolewa na boneti imeinuliwa. Draya ya nywele inasaidia ukiiweka kwenye joto la chini na kuitikisa mbali kidogo na plastiki. Moto mkali hulegeza gundi. Usiingize kitambaa kufuta ndani. Nimeshasema habari ya reflekta, na kioo nacho mara nyingi kimepakwa kwa ndani dawa ya kuzuia ukungu ambayo ukiifuta hairudi. Ukirudisha balbu ya halojeni, ishike kwenye chuma chake au kwa karatasi safi. Mafuta ya vidole kwenye kioo chake husababisha sehemu moja ipate moto kupita kiasi, na balbu haidumu.

Nikuongezee jambo ambalo wenzetu wa bara hawalipati. Maji yaliyotuama kwenye taa yako huenda yana chumvi, kwa sababu upepo wa bahari unaibandika juu ya gari zima na mvua inaiosha kuipeleka kwenye kila upenyo. Chumvi ikikauka ndani ya taa inabaki pale, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi. Sahare usiku unyevu huo ni wa kawaida. Ndiyo maana mtu anaweza kuziba upenyo kwa ustadi, akakausha taa, na wiki ile ile jasho likarudi sehemu ile ile ya chini. Ukiona vumbi jeupe au alama ya ukingo wa maji pale yalipotuama, suuza kasha kwa maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, ukiyazungusha na kuyamwaga bila kufuta, kisha kausha. Soma chupa vizuri kabla ya kumimina, au muulize muuzaji mara mbili: maduka yale yale yanauza asidi ya betri katika chupa zinazofanana.

Umeandika kwamba balbu za zamani zilikuwa na mwanga hafifu, na hilo sitaki lipite. Inawezekana hazikuwa na kosa. Mwagia maji kioo cha taa kwa nje ukiangalia: kama ukungu au umanjano unapotea kikiwa kimelowa na kurudi kikikauka, basi uchakavu uko nje, ni jua limekula ngozi ya plastiki, na kinahitaji kusuguliwa na kupakwa kinga upya. Sababu ya pili ni umeme kupungua njiani. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Soketi iliyopata kutu ya kijani, au waya wa hasi uliolegea kwenye bodi, unatosha kufanya hivyo, na kwa chumvi yetu ni jambo la kila siku. Fundi umeme apime volti kwenye soketi taa ikiwa inawaka, alinganishe na za betri. Mimi kwako ningerudisha halojeni nzuri, nisafishe kioo kwa nje, nitengeneze waya wa hasi. Reflekta yako ilichorwa kufuata mahali waya wa halojeni unapokaa. LED nyingi za kubadilishia hazikai pale pale, kwa hiyo mwanga unatapakaa na kuwapiga machoni wanaokuja mbele yako.

Hilo linanileta kwenye safari ya kwa mama. Matone ndani ya kioo hutawanya mwanga: ule uliotakiwa kuangukia barabarani unaruka juu na pembeni, wewe unaona kidogo na dereva wa upande wa pili anapofuka. Barabara ya kwenda Segera usiku ina malori, ina bodaboda zisizo na taa ya nyuma, ina watu wanaotembea kandokando. Kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto kuna kona zenye korongo upande mmoja, na ukungu wa mlimani juu yake. Taa ya kulia iliyo nusu kipofu si ya kupeleka kule gizani. Ukilazimika kwenda kabla ya matengenezo, ondoka alfajiri ufike mchana.

Na hata ukishatengeneza, usishtuke taa zote mbili zikiingia ukungu Lushoto. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Gari linapanda likiwa na hewa ya Tanga ndani ya taa, na usiku wa Lushoto ukishuka hadi nyuzi 15, hewa hiyo inaweza kushika kama gramu 13 tu kwa mita ya ujazo. Zilizobaki kati ya zile 24 lazima ziachie kwenye kioo. Kwa taa ya lita 8 ni kama matone mawili, yametandazwa kwenye kioo kizima, na yanatisha kuliko wingi wake. Washa taa, endesha, yataondoka.

Kama matengenezo yatashindikana, basi utanunua. Taa ya mtumba halisi mara nyingi naipendelea kuliko mpya ya kuiga, kwa sababu ya ubora wa gundi na reflekta, ila ikague: masikio yote yawepo, reflekta isiwe na doa lililoungua juu ya balbu, vijibomba na kofia viwe juu yake, na namba iliyochongwa kwenye kona ya kioo ifanane na ya upande wako wa kushoto. Hakikisha imetoka nchi inayoendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Taa ya nchi zinazoendesha kulia huinua mwanga upande usiofaa, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja.

Yapo mambo ambayo usiyaguse mwenyewe. Gari lenye taa za xenoni lina kifaa kinachotoa volti zaidi ya 20,000 wakati wa kuwasha, na maji karibu na kifaa hicho ni hatari kwa mkono wako. Taa ambazo LED yake imejengwa ndani kutoka kiwandani zina bodi ya umeme ambayo ikiloa huharibika moja kwa moja. Nenda kwa fundi umeme wa magari mapema pia kama fyuzi inakatika, taa inazima na kuwaka, unasikia harufu ya plastiki kuungua, au soketi imebadilika rangi. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi.

Ukimpata fundi, mwombe akuonyeshe povu kwa macho yako kabla hajapaka gundi yoyote, na umwambie vijibomba vya hewa vibaki wazi. Taa ikisharudishwa, ipimwe ukutani kabla hujaondoka: gari kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, taa ya kawaida isiyo ya mbali. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimita 10 hadi 13, kulia na kushoto sawa. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya kasha, na ni kazi ya dakika chache kwake.